Fungu la Dada Yako Liko Wapi?

Nianze kwa swali moja, wala sikutaki ulijibu mbele za watu. Lijibu nafsini mwako. Nyumba utakayolala usiku wa leo, au shamba unalokula mazao yake, ikiwa asili yake ni mali ya marehemu baba yako, je, dada zako wamepata fungu lao? Sikuulizi kama mnapatana. Sikuulizi kama mnatembeleana siku ya Idi na kupelekeana sahani za futari mwezi wa Ramadhani. Nauliza fungu: limehesabiwa, likatajwa kiasi chake, likakabidhiwa mkononi mwa mwenyewe?

Kama limekabidhiwa, Mwenyezi Mungu akulipe kheri, na maneno haya si yako. Lakini naijua miji yetu ya mwambao na visiwa vyake, na najua kwamba wengi wetu tukiulizwa swali hili hukohoa kwanza.

Katika mihadhara yetu iko hoja moja tunayoipenda mno. Akitokea mtu, khasa akiwa ametoka Ulaya, akasema kwamba Uislamu umemdhulumu mwanamke, hatumpi nafasi ya kupumua. Twamwambia: Nyinyi Waingereza, mwanamke wenu akiolewa mali yake ilikuwa ikiingia mkononi mwa mumewe, mpaka Bunge lenu lilipopitisha sheria ya mwaka 1882. Na nyinyi Wafaransa, mke wenu hakuweza kufungua hesabu ya benki pasi na idhini ya mumewe mpaka mwaka 1965. Ilhali mwanamke wetu sisi, zaidi ya miaka 1,200 kabla ya sheria hiyo ya Waingereza, alikwisha kupewa haki ya kumiliki, kununua, kuuza, kurithi na kurithiwa, kwa jina lake mwenyewe, bila ya kuomba ruhusa kwa baba wala kwa mume.

Hayo ni kweli tupu. Hoja haina kasoro ila moja: huyo aliyesimama kuitoa, fungu la dada yake liko kwake.

Tutazame basi haki hii ilikujaje, maana tumezoea kuitaja kama kwamba ilishuka bure, bila ya kisa. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, aliuawa sahaba mmoja wa Madina, Saad bin Rabii. Aliacha mke na binti wawili. Ndugu yake akaja akachukua mali yote. Wala hakuwa mwizi kwa desturi ya watu wake. Kwao mrithi alikuwa yule awezaye kupanda farasi na kushika silaha, na mwanamke na mtoto hawakuwa na lao. Mjane yule hakukaa nyumbani akalia. Aliwachukua wale binti zake wawili akaenda nao kwa Mtume (s.a.w.), akasema mbele yake kwamba baba yao ameuawa, ami yao amechukua kila kitu, na hawa hawataolewa bila ya mali. Mtume (s.a.w.) akamwambia Mwenyezi Mungu atahukumu katika jambo hilo. Ndipo zikashuka aya za mirathi, zile za Suratun Nisaa. Mtume (s.a.w.) akampelekea yule ami amri: wape binti wawili theluthi mbili, mpe mama yao thumni, na kinachobaki ni chako.

Ifanye hesabu, ndugu yangu. Mali igawe mafungu 24. Binti wanachukua 16, mama yao 3. Ami, ambaye jana alikuwa na mafungu yote 24, leo amebakiwa na 5. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza. Ilikuwa ni kumvua mwanamume mali aliyokwisha kuishika na kumpa mwanamke. Basi yeyote anayedhani kwamba ilimu ya mirathi iliwekwa kumstarehesha mwanamume, asome tena kisa cha ami huyu.

Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 7, Mwenyezi Mungu amewatajia wanaume sehemu yao na wanawake sehemu yao, iwe mali ni chache au nyingi, na akaifanya kuwa ni sehemu ya lazima. Yasema chache au nyingi. Kwa hiyo yule anayesema, "Baba hakuacha kitu cha kugawa, ni kibanda tu," kibanda nacho kimo.

Sasa tuje kwetu. Mzee amefariki, ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na binti wawili. Ameacha nyumba. Tukiisha kutoa gharama za maziko, tukalipa madeni yake (na mahari ya mkewe ambayo hakuyamaliza ni deni pia, tena linatangulia mbele ya urithi wa mtu yeyote), tukatekeleza na wasia kama upo, usiozidi theluthi wala usiwe kwa mrithi, ndipo twagawa. Mke ana thumni. Saba juu ya nane zilizobaki ni za watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Igawe nyumba mafungu 32: mama ana 4, kijana ana 14, kila binti ana 7. Jumlisha ya wanawake: 4 na 7 na 7, ni 18. Ya mwanamume ni 14.

Umeona? Nyumba hiyo, kwa hesabu ya Mwenyezi Mungu, zaidi ya nusu yake ni ya wanawake. Lakini nenda ukaitazame. Kijana amekaa barazani amevaa msuli, anapokea kodi ya wapangaji wa vyumba vya mbele. Mama yumo chumba cha uani, na husema "nimekaa kwa mwanangu." Dada akija kutoka kwa mumewe huja kama mgeni, hubisha hodi. Na yule kijana ukimuuliza habari ya wanawake katika dini atakujibu haraka, tena kwa Kiarabu: mwanamume ana mfano wa mafungu ya wanawake wawili. Aya ameihifadhi. Nusu yake ya kwanza ameichukua na nusu yake ya pili pia ameichukua.

Hapa ndipo penye ghadhabu yangu. Wapo watu siku hizi wanaobishana juu ya hilo fungu moja kwa mafungu mawili, wakitaka iwe sawa kwa sawa. Na wapo wanaowajibu. Mjadala huo una wenyewe, nami leo simo. Ninalosema ni kwamba wengi wetu tunaoghadhibika mtu akiigusa aya ile, tukasema hukumu ya Mungu haibadilishwi, tumekwisha kuibadilisha zamani, kimya kimya. Tumemfanya dada hana hata hilo moja. Wanavyuoni wetu hutueleza kwamba mwanamume alizidishiwa kwa sababu ya mizigo aliyotwikwa: mahari ya kuolea, chakula na mavazi ya mke, malezi ya watoto. Mwenzangu ameuacha mzigo njiani na ujira ameuchukua wote.

Ama visingizio, ni vingi, na vyote nimevisikia kwa masikio yangu.

Husema: "Ameolewa, mumewe anamlisha." Kulishwa na mume ni haki iliyotokana na ndoa, urithi ni haki iliyotokana na nasaba. Moja haifuti nyingine. Wewe ulipoajiriwa serikalini, ulisema kwamba kwa kuwa serikali inakulipa mshahara basi huhitaji fungu la baba?

Husema: "Tumpe nyumba, kesho mumewe aingie humo, mali ya ukoo iende kwa watu wa kando." Nasi je, tulipokwenda kuoa hatukuwa watu wa kando? Watoto wa dada yako ni wajukuu wa babako sawasawa na watoto wako. Mzee alipokuwa hai alikuwa akiwapakata wote.

Husema: "Tulimfanyia harusi kubwa, fungu lake lilikwenda huko." Biriani halirithiwi. Harusi ile mlifanya kwa fahari yenu, msemwe mjini. Wala siku ile hakuna aliyemwambia bibi harusi kwamba anakula urithi wake.

Na wapo wanaosema kwamba ni mila. Hili lataka maneno zaidi, kwa sababu watu huliogopa neno mila wasiulize mila ya nani. Lamu, katika majumba yale ya mawe, desturi ya wenyeji ilikuwa ni baba kumpa binti yake nyumba, au sehemu ya nyumba, siku ya kuolewa. Mume ndiye aliyehamia. Ngazidja mpaka leo nyumba ni ya binti, na mwanamume huoa akaenda kukaa kwa mkewe. Nao ni Waislamu tangu mababu. Basi mila ya mwambao kwa binti ilikuwa ni kumweka chini ya dari lake mwenyewe. Huyu anayesema ni mila kumnyima, ameiokota wapi?

Nitakwambia alikoiokota wengine wao. Tanzania Bara, mahakamani, urithi una njia tatu: sheria ya Kiislamu, sheria ya mila, na ile sheria ya zamani iliyoletwa na Waingereza kutoka Bara Hindi. Sheria za mila ziliandikwa na kutangazwa na Serikali mwaka 1963, katika Tangazo namba 436, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Humo mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake, basi. Humo binti yuko daraja la mwisho, na ardhi ya ukoo hupewa kuitumia maisha yake, si kuiuza. Sheria hiyo ilitikiswa mwaka 1990 huko Mwanza, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alipoamua, katika kesi ya mama mmoja wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, kwamba kumzuia mwanamke kuuza ilhali mwanamume aweza kuuza ni kinyume cha haki zilizomo ndani ya Katiba. Lakini tangazo lenyewe halikuondolewa siku ile.

Sasa tazama hila. Mtu huyu anaposimama kuoa mke wa pili husema, "Mimi ni Muislamu, dini imeniruhusu." Akimwacha mke husema, "Mimi ni Muislamu, talaka iko mikononi mwangu." Baba akifa, dada wakaja na mwalimu wao wa mirathi, hapo Uislamu humtoka kama jasho, husema, "Aa, sisi kwetu tunafuata mila." Hakimu hutakiwa apime marehemu aliishi maisha gani, ya kidini au ya kimila, na mtu huyu atatafuta mashahidi waje waseme marehemu alikuwa akitambika. Baba yake mwenyewe, aliyemsalia jeneza juzi! Yuko radhi kumtoa babake katika dini ili asitoe robo eka.

Lakini kisingizio kikubwa kuliko vyote ni hiki: "Dada zangu wamenisamehe."

Juu ya hili sina budi kusema yangu mwenyewe, na ni aibu yangu, nayo naiandika.

Baba yetu alipofariki tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kike. Mama alikwisha kutangulia. Palikuwa na shamba dogo la minazi kaskazini ya Tanga, minazi tisini kwa hesabu. Baada ya arubaini nilimwambia mdogo wangu, mbele ya mashangazi, "Shamba hili nitalitazama mimi, wewe una kwako, au una neno?" Akatazama chini akasema, "Sina neno, kaka." Mashangazi wakapiga vigelegele kwamba ndugu tunapendana. Nikaandika moyoni: amesamehe.

Nililila shamba lile miaka kumi na moja. Kila miezi mitatu nikiita mkwezi, nazi zikaanguliwa, zikahesabiwa, zikapakiwa garini. Sikuwa tajiri, nilikuwa na watoto na mambo yangu, na fedha ile ilikuwa ikiingia na kutoka. Mwaka mmoja mdogo wangu alikuja. Mumewe alikuwa mgonjwa, na binti yake alikuwa amechaguliwa kwenda shule ya bweni. Alitaka fedha za sare, godoro na nauli. Nilimkalisha. Nikampa nusu ya alichoomba, na juu ya nusu ile nikampa na nasaha ndefu za kuweka akiba, na kwamba mtu asitegemee mkono wa mwenziwe. Alizipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Mungu akuzidishie, kaka." Usiku ule nikalala vizuri, nikijihesabu kuwa nimeunga udugu na nimetoa sadaka.

Baada ya miezi michache alifariki jirani yetu, nami nikaombwa kumsaidia mwalimu wa mirathi kuandika. Yeye anatamka, mimi naandika: fulani ana hiki, fulani ana hiki. Tulipofika kwa watoto, akasema, "Mwana mmoja na binti mmoja. Theluthi mbili na theluthi. Andika." Mkono ukasimama. Minazi tisini, theluthi yake thelathini. Nazi zimeanguliwa mara nne kwa mwaka, kwa miaka kumi na moja, ni mara arubaini na nne, na kila mara theluthi ilikuwa si yangu. Na fedha zile nilizompa kwa nasaha zilikuwa zake. Nilimpa mtu mali yake kwa jina la sadaka, nikapokea na dua.

Nilipokwenda kwake kumwambia sikujua nianze wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kaka, mimi nilikuwa najua. Mwalimu wa chuoni alitufundisha hesabu hiyo sote wawili." Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, "Ningesema, ungenipa. Lakini ningekuja kwenu kwa nani tena?"

Ndugu Msomaji, huko ndiko kusamehe kwenyewe. Si radhi, ni khofu. Mwanamke katika miji yetu anajua kwamba ndoa ni jambo la kuvunjika, na akiachwa au akifiwa pa kurudi ni kwa kaka yake. Basi humlipa kaka kodi ya mlango huo, na kodi yenyewe ni urithi wake wote. Twamwuzia haki ya kubisha hodi. Kisha twasema amesamehe, tena twaongeza, "dada zetu wana roho nzuri."

Kusamehe kwa kweli kupo, wala siharamishi. Mrithi akitaka kumwachia ndugu yake, na amwachie. Lakini kwanza ajue ni kiasi gani. Kisha alishike mkononi. Kisha akae nalo siku kadhaa nyumbani kwake, pasipokuwa na mashangazi. Baada ya hapo akilirudisha, lile ni zawadi. Kinachosamehewa msibani, mtu hajui hata ni mafungu mangapi, tena mbele ya watu wanaomtazama, ni kunyang'anywa kwa adabu. Mwenyezi Mungu alipozungumzia mahari, katika aya ya 4 ya sura hiyo hiyo, aliruhusu mume kula kitu ambacho mke amemwachia kwa moyo mkunjufu. Sharti ni moyo, na moyo haujulikani kwa kutazama chini.

Iko na njia nyingine iliyo mbaya zaidi kuliko hiyo, nayo ni ya karatasi. Kaka huja na karatasi imekwisha kuchapwa taipu, humwambia dada, "Tia dole hapa, ni mambo ya serikali tu, ya kodi ya ardhi." Dada hutia. Miaka mitano baadaye hupata habari kwamba aliuza. Na kwa nini hutia dole badala ya kusoma? Kwa sababu palikuwa na zama ambapo tulimfundisha mtoto wa kike kusoma tu, kuandika tukamnyima. Hata binti wa Sultani hakusalimika. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1844, ametusimulia katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886 kwamba alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Binti wa mfalme, ajifiche kama mwizi kwa sababu ya kalamu! Unguja shule ya serikali ya wasichana haikufunguliwa mpaka mwaka 1927. Mabibi zetu waliotia dole hawakuwa wajinga. Wajinga tuliwafanya sisi, kisha tukaja na wino.

Na kizazi hiki kinachosoma nacho kina mtego wake. Wapo binti zetu waliokwenda Bara Arabu, Saudia na Imarati na Oman, wakafanya kazi za nyumbani za watu miaka na miaka, wakiosha na kupika na kulea watoto wasio wao. Kila mwezi fedha hupelekwa kwa kaka: nunua kiwanja, piga matofali, weka msingi, weka bati. Amerudi, nyumba ipo kweli, imesimama, ina hata rangi. Ina na hati. Jina lililo katika hati si lake. Ukimuuliza kaka, hukujibu kwamba ardhi ingeandikwaje kwa jina la mwanamke na mwanamume yupo? Hii hata si urithi. Ni mali ya mtu hai, tena mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni.

Kadhalika mke. Mume akifa, ndugu zake huja na daftari, wakaandika kila kilichomo ndani kuwa ni mali ya marehemu: cherehani, friji, vyombo, mpaka mabati ya juu. Hawaulizi cherehani ilinunuliwa na nani. Mama yule ameuza vitumbua alfajiri miaka ishirini, na mabati yale ni vitumbua. Urithi hugawanywa katika mali ya marehemu. Mali ya mjane haimo, wala asipewe thumni ya kitu ambacho ni chake chote. Na ndugu hao wengine hawangoji hata eda ya miezi minne na siku kumi iishe. Humtoa na nguo zake nyeupe. Aya ya 19 imekataza waziwazi kuwarithi wanawake kwa nguvu, nasi twaisoma Ramadhani kwa sauti nzuri. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mwaka 1983, katika shauri la talaka la Bi Hawa Mohamed na mumewe, ilikubali kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa na wawili, ingawa yeye mwenyewe hakuondoka na kitu siku ile. Ilibidi majaji wakae watuambie kwamba anayepika naye anajenga.

Nimalizie shamba langu. Tulikwenda mimi na mdogo wangu na mwalimu wa mirathi, tukahesabu minazi thelathini, tukaitia alama ya chokaa. Kwa miaka iliyopita tulipatana kiasi, nikamlipa kidogo kidogo, na nilipomaliza ilikuwa mwaka wa nne. Tulipoandikiana karatasi, mimi niliandika "mke wa" fulani, kama tulivyozoea kumtaja. Aliisoma, akairudisha. Alitaka iandikwe upya kwa jina lake na la baba yetu: binti fulani. Alisema shamba hakurithi kwa mumewe. Alikuwa na haki, na katika dini yetu mwanamke haachi jina la baba yake kwa kuolewa. Sisi ndio tuliomwachisha, mpaka kaburini wengine huulizwa walikuwa wake za nani.

Mlango wangu haujafungwa kwake. Anakuja kama alivyokuwa akija, ila habishi hodi kwa muda mrefu.

Basi wewe kaka uliye na mali ya baba mkononi, aya mbili zinazofuata zile za mafungu, ya 13 na ya 14, zakungojea. Ya kwanza ina Pepo kwa mwenye kuitii mipaka hiyo, na ya pili ina Moto kwa mwenye kuivuka. Hazikuwekwa baada ya aya za sala wala za saumu. Zimewekwa hapo, baada ya hesabu. Chukua karatasi leo, andika majina ya warithi wote walio hai siku aliyokufa mzee, pamoja na wale waliokufa baadaye, maana wana watoto na fungu lao halikufa nao. Nenda nayo kwa mwenye kujua.

Nawe dada unayesoma, usingoje kaka akumbuke miaka kumi na moja. Kudai fungu lako si kukata udugu, yule mjane wa Saad alidai mbele ya Mtume (s.a.w.), naye hakuambiwa ana tamaa. Anza kwa maneno mema, nyumbani, ukiwa na mtu wako mmoja anayeijua mirathi. Yasipofaa, Kenya wako makadhi, na Katiba ya mwaka 2010 imewatambua katika mambo ya ndoa, talaka na urithi wa Waislamu. Zanzibar wako makadhi vile vile. Tanzania Bara ni Mahakama ya Mwanzo, nawe useme mapema, siku ya kwanza, kwamba marehemu aliishi na akafa Muislamu, kabla hajaja wa kusema alikuwa akitambika. Beba cheti cha kifo na majina ya warithi. Na karatasi yoyote utakayoletewa utie dole au sahihi, uipeleke kwanza ikasomwe na mtu asiyekula katika nyumba hiyo.